Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi mtoto hashibi, na mi naanza kuamini

Dada habari za kazi, mi huwa nakusoma tu kimyakimya leo ndo naandika, naomba jina langu usiliweke. Nina mtoto wa kike wa wiki 5, ndo wa kwanza, na hapa naandika huku nalia jamani sijui hata nianzie wapi.

Nilijifungua kwa opresheni. Usiku ule wa kwanza mtoto alikaa chumba kingine wakampa maziwa ya kopo bila hata kuniuliza, kesho yake ndo naletewa. Ziwa lilikuwa linatoa vitone tu vya njano vizito, kuna mama mmoja mtu mzima kitanda cha jirani akaniambia hayo ni machafu yamekaa muda mrefu humo ndani, kamua mwaga, basi nikakamua nikamwaga. Siku ya nne ndo maziwa yakajaa kwelikweli, matiti yakawa magumu kama mawe.

Tulivyorudi nyumbani mama mkwe akaja kunisaidia, na kusema ukweli ananisaidia sana, anafua, anamuogesha mtoto, mi sina cha kumlipa. Tatizo ni maziwa. Mtoto akilia tu anasema hajashiba. Siku moja aliniona nakamua akayaangalia akasema haya ni maji matupu, mepesi, mtoto atakuwaje na nguvu. Na mtoto analia kweli, hasa jioni, kuanzia jua likizama mpaka saa nne usiku ananyonya anaachia analia ananyonya tena anaachia. Sasa tangu wiki ya 4 anampa kopo chupa mbili, moja jioni moja usiku ili mi nilale, kila chupa mili 90, na kweli akipewa analala fofofo. Mchana anampa maji kidogo anasema mtoto ana kiu. Afu juzi nikagundua lile kopo anachanganya na maji mengi kuliko ilivyoandikwa ili lisiishe haraka.

Tangu kopo lianze naona matiti yangu yamelegea, hayajai kama zamani. Nikanunua pampu, nikakamua baada ya mtoto kunyonya, yakatoka ya kufunika chini ya chupa tu. Ziwa la kushoto chuchu imechanika, akishika nauma meno. Mume wangu nikimwambia anasema msikilize mama kalea watoto wanne wote wazima. Kliniki alizaliwa kilo 3.1, siku ya 7 alikuwa 2.9, wiki ya 3 alikuwa 3.3, sijui ni nzuri au mbaya sikuuliza, nesi alikuwa na foleni.

Najiona mi si mama kamili. Wenzangu wananyonyesha tu kama mchezo. Je kweli maziwa yangu hayatoshi? Na akifika miezi mitatu narudi kazini, nisiachane nayo tu mapema nibaki na kopo moja kwa moja?

Mama K.

JIBU

Mama K, hongera mdogo wangu, na pole. Naanza na kitu ulichokipitia haraka pale mwishoni kama hakina maana wakati jibu lote liko hapo, yale maandishi ya kliniki.

3.1 kwenda 2.9 ni kama asilimia 6 na kitu. Watoto karibu wote wanapungua siku za mwanzo, mpaka asilimia 7 hivi hakuna anayeshtuka, ikifika 10 ndo watu wanaanza kukaa chini na mama kuangalia ananyonyeshaje. Afu toka siku ya 7 mpaka wiki ya 3 kaongeza gramu 400 kwa siku 14. Gawanya mwenyewe, ni gramu 28 na kitu kila siku, na umri huo tunategemea 20 mpaka 30. Na muda wote huo alikuwa ananyonya wewe peke yako, kopo limeingia wiki ya 4. Kwahiyo hayo maziwa "mepesi" ndo yaliyomjenga mtoto, hakuna mwingine aliyehusika. Mizani haijui mkwe wala wifi.

Kuhusu wepesi wenyewe, mama hajakosea kuona, kakosea kutafsiri. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 87 hivi, yanayotoka mwanzoni wakati ziwa limejaa huwa mepesi mpaka yanaonekana na ubluu kwa mbali, na kadri ziwa linavyopungua mafuta yanaongezeka. Ukikamua dakika mbili ukayaangalia kwenye chupa utaona maji, sawa. Mtoto yeye hapigwi picha ya dakika mbili, ananyonya mpaka mwisho. Na hayo maji ndo yanayomtosha kwa kiu, hata kukiwa na joto kali, ndo maana mpaka miezi 6 hapewi maji kabisa. Si suala la ushamba wala usasa, ni kwamba tumbo dogo likijazwa maji halina nafasi ya maziwa, maji yasipokuwa safi yanaleta kuhara, na akipewa mengi chumvi ya mwilini inashuka mpaka mtoto anaweza kupata degedege. Hilo lisimame leo leo.

La kopo kuongezwa maji ndo limenifanya nijibu barua yako kabla ya za wengine. Hapo sibembelezi. Kopo likichanganywa jepesi mtoto anashiba kwa macho ila chakula hakipo, na hatari ile ile ya chumvi inarudi. Kama anapewa kopo apewe kwa kipimo kilichoandikwa, kijiko chake cha ndani ya kopo, maji yaliyochemshwa yakiwa bado ya moto sana (joto lake lisiwe chini ya nyuzi 70, maana unga wenyewe hauji ukiwa umeuliwa vijidudu), afu unayapoza mpaka yawe vuguvugu ndo unampa, akibakiza mwaga. Kama hela ya kopo ndo inasumbua mpaka linachanganywa na maji, basi hiyo ni sababu nyingine ya kurudi kwenye ziwa.

Sasa kilio cha jioni. Karibu kila mama anayeniandikia kwamba maziwa hayatoshi, ukimuuliza mtoto analia saa ngapi anakwambia jioni. Hii ni tabia ya watoto, inaanza kwenye wiki ya 2 hivi, inapanda, inafika kileleni karibu na wiki ya 6, inaanza kuachia miezi mitatu minne. Wewe uko wiki ya 5, yaani uko pale pale pabaya zaidi. Na wale wa kopo tupu wanalia jioni hivo hivo. Mtoto saa hizo anataka kunyonya mfululizo, dakika kumi, anaachia, anarudi, na juu ya hapo kuna siku za kukua kwa kasi, wiki ya 2 au 3, wiki ya 6, miezi mitatu, ambapo anaweza kunyonya kutwa kama vile hajawahi kula. Anafanya hivo kuagiza maziwa ya kesho. Ukimpa chupa saa hizo unafuta oda.

Ndo kinachokutokea mdogo wangu. Ziwa linatengeneza kwa kuangalia kilichotolewa, likikaa limejaa linapunguza, likitolewa linaongeza, hamna siri nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini, inakuwa juu zaidi usiku, na usiku ndo unalala mtoto anakunywa chupa. Mama mkwe kakuonea huruma upumzike, nia nzuri kabisa, ila chupa hizo mbili zimekuibia minyonyo miwili ya maana kuliko yote.

Na kulala kwake fofofo baada ya chupa hakuthibitishi kwamba alikuwa na njaa. Chupa inatiririka yenyewe, mili 90 zinaingia kabla hajajua ameshiba, na maziwa ya kopo yanakaa tumboni muda mrefu zaidi kusagika. Hata wewe ukila kupita kiasi unasinzia.

Kulegea kwa matiti kuna sehemu mbili. Moja ni hiyo ya chupa. Nyingine ni kawaida tu, yale mawe ya siku ya nne yalikuwa uvimbe na damu nyingi kwenye ziwa pamoja na maziwa, kufika wiki ya 6 hivi mwili umeshajua kiasi gani kinatakiwa na ziwa linakuwa laini hata kama lina maziwa ya kutosha. Na pampu baada ya mtoto kunyonya imepata ya kufunika chini, jamani, mtoto si ndo katoka kuyamaliza? Pampu si kipimo. Kuna wamama watoto wao wamenona kabisa na pampu inawatolea vijiko viwili, kwasababu mtoto anavuta vizuri kuliko mashine, halafu oksitosini, ile inayosukuma maziwa yatoke, inakuja kwa ngozi na harufu ya mtoto, na inakwama ukiwa na hofu au maumivu au ukiwa unaangaliwa na mtu anayesubiri kuona maji matupu.

Kipimo cha nyumbani ni nepi. Kuanzia siku ya 5 ya maisha mtoto anayeshiba analowanisha nepi 6 au zaidi ndani ya saa 24, mkojo haujawa wa njano kali. Choo wiki hizi za mwanzo ni cha njano, laini, mara kadhaa kwa siku, baadae kinaweza kupungua sana mpaka akapitisha siku bila kupata na bado ni mzima. Hesabu nepi siku mbili uandike pembeni.

Chuchu kuchanika, hapa nikae kidogo maana nadhani ndo mzizi. Kunyonyesha hakutakiwi kuumiza hivo. Uchungu wa sekunde chache mwanzoni wiki ya kwanza sawa, ila kidonda wiki ya 5 maana yake mtoto anashika chuchu tupu badala ya kushika ziwa, na akishika chuchu tupu anavuta kidogo, anachoka, analia, unaona inavyorudi kwenye kilio? Kaa wima umeegemea vizuri. Kwa kuwa una mshono jaribu kumbeba ubavuni chini ya kwapa, miguu yake ielekee mgongoni kwako, hagusi kidonda. Tumbo lake liguse mwili wako, sikio bega na nyonga viwe mstari mmoja, asigeuze shingo. Chuchu iwe usawa wa pua yake sio mdomo. Msubiri, mguse mdomo wa juu na chuchu, akipiga mwayo mkubwa mlete yeye kwenye ziwa haraka kwa kumshika mabegani (usiinamishe ziwa kwake na usimsukume kisogo, wengi wanakataa ziwa kwa kusukumwa kisogo). Akishika vizuri kidevu kimezama kwenye ziwa, mdomo wa chini umekunjuka nje, weusi wa ziwa unaonekana zaidi juu kuliko chini, mashavu yamejaa hayaingii ndani, na unasikia anameza. Ikiuma baada ya nusu dakika ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo umtoe, anza tena. Ndio, hata mara tano. Kidonda pakaa maziwa yako mwenyewe uache yakauke, na anza na upande wa kulia usiouma mpaka maziwa yashuke ndo umhamishe. Ziwa likipata wekundu, likawa la moto na wewe ukapata homa na baridi kama ya mafua makali, nenda hospitali, na usiache kunyonyesha upande huo, kuacha ndo kunazidisha.

Sasa chupa usizikate zote ghafla kesho asubuhi, utampa mtoto njaa ya kweli na nyumba nzima itasema si tulikwambia. Kwanza ziwa zote mbili, afu tena zote mbili, chupa inakuja mwisho. Punguza mili 30 kwenye chupa moja, kaa hivo siku mbili tatu ukiangalia nepi, zikibaki 6 na kuendelea punguza tena, ikiisha hiyo hamia ya pili. Anza kuua ya usiku. Wakati chupa bado zipo, kila anapopewa wewe kamua muda huo huo, ziwa lisijue kwamba kuna chupa iliyolizidi kete. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi muda unaoupata. Jumla anyonye mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Na kabla hujaanza nenda kliniki wampime, umeniambia uzito wa mwisho ni wa wiki ya 3 na toka hapo kopo jepesi na maji vimeingia, kwahiyo tunataka namba ya leo, sio kubahatisha. Mwambie nesi akuangalie unavyonyonyesha, foleni isikutishe, kaa mpaka akuangalie. Na tukiwa hapo hapo, mtu akikwambia kunyonyesha kunazuia mimba, hiyo ni kwa anayenyonyesha tupu mchana na usiku, mtoto chini ya miezi 6, na hedhi haijarudi. Ukishachanganya na kopo usitegemee, ulizia uzazi wa mpango.

Mi sina ugomvi na kopo. Wapo wamama ambao maziwa kweli hayatoshi: waliofanyiwa upasuaji wa matiti, wenye shida ya homoni au tezi ya shingo, waliobakiwa na kipande cha kondo tumboni au kupoteza damu nyingi sana, wengine matiti tu hayakukua vya kutosha ndani. Hao kopo linaokoa watoto wao na hawana cha kuona aibu. Namba zako hazionyeshi kwamba wewe ni mmoja wao. Ila kama ukifuata haya na uzito haupandi, mtoto anaongezewa na maisha yanaendelea, hata nusu kwa nusu ni faida.

Na yale ya hospitali. Yale ya njano uliyomwaga ndo yalikuwa ya kinga, dang'a, machache kwa makusudi maana tumbo la siku ya kwanza linaingia kama kijiko cha chai tu, na yanamsaidia kutoa kile choo cheusi. Mama yule wa kitanda cha jirani alikupa alichoambiwa na yeye. Kopo la usiku wa kwanza bila kukuuliza hilo silipendi, tangu 1989 WHO na UNICEF wana hatua kumi kwa hospitali za uzazi, na mojawapo ni mtoto asipewe kitu kingine bila sababu ya kitabibu. Labda sababu ilikuwepo, ila ilitakiwa uambiwe. Yameshapita, mtoto amepanda gramu zake, usiyabebe.

Mama mkwe usimletee vita, huyo ndo mkono wako wa kulia. Anza na baba mtoto, mpe kadi ya kliniki umuonyeshe hizo gramu 400 kwa kidole, umwambie hili la kopo kuongezwa maji ni la hatari na unamhitaji aseme na mama yake, sio wewe. Afu wewe kwa mama sema kwa heshima, "Mama, kliniki wamesema nijaribu ziwa tupu kwanza, bila maji, naomba unisaidie kumbeba na kumcheulisha akishanyonya ili nipate kulala." Mpe kazi, mzee anayekosa kazi ndo anashika chupa. Nenda naye kabisa kliniki, akisikia kwa nesi itamuingia kuliko kusikia kwa mkwe. Na watoto wake wanne kuwa wazima usibishane nalo, ni kweli wako wazima.

Kuhusu kulia kwako. Siku za mwanzo wengi wanalia, homoni zinashuka, inaisha ndani ya wiki mbili hivi. Wewe uko ya 5 na unaniambia si mama kamili. Kama ni kila siku, kama huwezi kulala hata mtoto akilala, kama hakuna kinachokufurahisha au kuna mawazo yanakutisha, mwambie daktari siku hiyo hiyo ya kumpima mtoto. Ni ugonjwa unaotibika na zipo dawa za kutumia huku unanyonyesha. Hao wenzako wanaonyonyesha kama mchezo umewaona mchana wamevaa, hujawaona saa tisa usiku.

Kumpeleka mtoto hospitali bila kusubiri ni hivi: joto 38 au zaidi, nepi zimepungua ghafla, utosi umebonyea, amelegea haamki kunyonya, anatapika kila kitu.

Kazini sasa. Usiache mapema kwa kuogopa kuacha baadae. Miezi 6 ya ziwa tupu, afu chakula pamoja na ziwa mpaka miaka 2 na zaidi, ndo pendekezo, lakini ukifika popote mtoto kafaidika. Wiki mbili tatu kabla ya kurudi anza kukamua asubuhi mara moja, saa hiyo yanatoka zaidi, ujiwekee akiba. Kazini kamua kila saa tatu hivi, ongea na bosi mapema kuhusu sehemu na muda, sio siku ile ya kwanza. Yaliyokamuliwa yanakaa nje saa 4 kama hapajazidi nyuzi 25, pakiwa na joto kali punguza, ndani ya friji siku 4, kwenye friza mpaka miezi 6 yakiwa na ubora. Usiyapashe kwenye maikrowevu, yanachemka sehemu moja na kumuunguza mdomo, weka chombo ndani ya maji ya moto. Anayebaki naye ampe kwa kikombe kidogo akiweza, mtoto anajifunza haraka kuliko mnavyofikiri, na hazoei mteremko wa chupa. Akianza kunywa halafu akabakiza yatumike ndani ya saa 2, zaidi ya hapo mwaga, hata kama roho inakuuma kuyamwaga.